Hakimu Kutoka Tseikuru

Sauti ya Kalunde Musyimi inajulikana na watu wengi kuliko uso wake, na kwa miaka mingi jambo hilo lilimfaa sana. Aliweza kuingia dukani Emali, mwanamke mfupi wa miaka sitini na mitatu, raba miguuni na miwani ya jua usoni, na asigeukiwe na mtu. Kisha angesema, "Naomba sukari kilo moja," na mwenye duka angeganda na kijiko hewani. Ni yeye malkia wa mchezo wa redio wa kila Jumapili. Ni yeye jaji, ni yeye daktari, ni yeye mama mkwe mwenye roho mbaya. Ni yeye pia yule mwanamke wa kwenye simu ya benki anayekwambia subiri, utahudumiwa hivi punde. Mwenye bucha mmoja wa Makindu aliwahi kumwambia usoni, "Kumbe ni wewe! Wewe mama uliniweka dakika arobaini kwa laini!" Kalunde akamwomba radhi kwa niaba ya benki, kwa Kiswahili kitamu hata yule bwana akamwongezea nyama ya bure.

Kiswahili hicho ndicho kilichokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Kilikuwa kimenyooka, hakina kwao. Waandishi wa magazeti walipomuuliza ametoka wapi alijibu, "Mimi ni Mkenya," nao wakaandika kwamba huyu mama ni mzalendo. Uzalendo gani? Alikuwa anaogopa.

Woga huo ulianzia Kitui mwaka wa sabini na tisa, kwenye mashindano ya maigizo ya shule. Kalunde alikuwa na miaka kumi na minane, ametoka Tseikuru, ambako alijua mbuzi wa kwao wote kwa majina. Alipewa kuwa binti anayelia juu ya jeneza la babake. Alikuwa amefanya mazoezi hadi walimu wakalia. Sasa, asiyejua Kikamba ni vizuri aelezwe: lugha hiyo haina b tupu, wala d tupu, wala g tupu. Kila moja huja na m au n imetangulia, kama mke wa mchungaji na mkoba wake. Kwa hiyo Mkamba akikianza Kiswahili, neno baba hupitia puani na kutoka mbamba. Ni hivyo tu. Si ujinga wala ulevi. Limeandikwa hapa mara moja ili asiyejua aelewe, na halitaandikwa tena, maana anayelitaka kwa ajili ya kucheka ameshacheka vya kutosha katika nchi hii.

Kalunde alipiga magoti, akaukumbatia ule ubao wa jeneza, akamwita babake. Ukumbi ukavunjika mbavu. Waamuzi waliotoka Nairobi walificha nyuso kwenye makaratasi. Lakini waliocheka zaidi, waliopiga viti kwa viganja, walikuwa Wakamba wenzake. Mgeni hucheka kwa sababu jambo ni geni kwake. Mwenyeji hucheka ili asije akadhaniwa ndiye anayechekwa. Kwenye fomu mwamuzi aliandika: Kipaji kikubwa, ulimi umemwangusha.

Aliyemnyoosha ulimi ni Bi Sauda, mwanamke wa Mombasa aliyeolewa Kitui na kuuza leso karibu na msikiti. Kalunde aliingia dukani kwake na sare ya shule na kumwambia bila salamu kwamba anataka kuongea kama yeye. Bi Sauda alimtazama, akamvuta nyuma ya kaunta, akamwekea kidole ubavuni mwa pua.

"Sema baba, mwanangu."

Kalunde akasema.

"Umesikia pua ilivyotetema? Pua ikitetema, umekosea. Funga mlango wa pua, neno litoke midomoni. Haya, tena."

Likizo nzima alichunga mbuzi na kidole puani. Baba, dada, gari, bega, dawa, gogo. Mamake, Kalekye, alidhani ana ugonjwa, akampeleka kanisani, na wazee wa kanisa wakamwekea mikono na kuikemea ile pua kwa sauti kubwa. Pua ilikubali kukemewa. Mwezi wa tisa Kalunde alirudi kwa Bi Sauda, akasema maneno yote bila kutetema, na Bi Sauda akampa leso ya zawadi.

Mwaka wa themanini na moja alikwenda Nairobi, na huko mambo yakamnyookea kuliko alivyoomba. Redio ilimchukua kwa wiki moja ya majaribio na haikumwachia. Jukwaani aliuawa, alizikwa na kufufuka mara nyingi kuliko paka. Kuna jioni moja stima ilipotea katikati ya mchezo na jenereta likagoma, naye akaendelea gizani dakika arobaini, sauti tupu, na hakuna mtu aliyetoka. Hadithi hiyo bado inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Alimwigiza malkia, akamwigiza fisi wa katuni za watoto, akawa shahidi, akawa kichaa, akawa Bikira Maria mara mbili. Katika mchezo mmoja wa redio alisema, "Mkataa kwao mtumwa," kwa namna iliyowafanya watu waandike barua kutoka Lamu hadi Busia wakimshukuru. Hakuna aliyeona kichekesho chake, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mamake alikuwa akimsikiliza Tseikuru kwa redio ya betri. "Sauti nzuri hiyo," alimwambia siku moja. "Ya nani?"

"Ni yangu, mwaitu."

Kalekye alicheka kwa adabu, kama mtu anayemruhusu mtoto kudanganya kidogo. Alikufa bila kuamini.

Na katika michezo hiyo yote, pembeni ya malkia na majaji wa Kalunde, kulikuwa na mlinzi au yaya kutoka Ukambani. Hakuwa na kazi nyingine ila kutamka. Aliingia, akasema neno moja kupitia puani, watu wakacheka, akatoka. Kalunde hakuandika michezo hiyo, na hakucheka. Alisimama akingoja kicheko kipungue ndipo aseme maneno yake, na watu wa kazi hiyo walimsifia hilo hasa: hakuna aliyejua kungoja kicheko kama Kalunde. Alingoja miaka arobaini na mitatu.

Mchezo wa mwisho alimosimama akingoja hivyo unaitwa Kesi ya Hereni. Yaya ameshtakiwa kwa kuiba hereni ya tajiri wake. Anajitetea mahakamani kwa Kiswahili chake, watu wanagaagaa kwa kicheko. Mwishoni hakimu, ndiye Kalunde, anamwachilia kwa hotuba nzuri sana. Nairobi uliigizwa miaka miwili. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi kwa ajili ya haki, wakaenda nyumbani wakijiona wema. Kisha kituo kimoja cha televisheni kikataka kuununua, na mwongozaji, Fahim, akaamua waurekodi Makindu, Ukambani, mbele ya watu wa huko, katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi saa nane mchana. Mchungaji alikubali mradi kusiwe na matusi, na wakibusiana iwe mashavuni tu.

Ijumaa kundi zima lilikula mchana kwenye hekalu la Makalasinga, chapati na dengu, wamevua viatu na kujifunika vichwa. Yvonne hakula. Yvonne Kiema, mwenye miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Emali, ndiye aliyemwigiza yaya. Kiswahili chake cha kila siku kilikuwa cha kawaida, cha vijana, lakini alichukuliwa kazini kwa kuwa alijua kutoa "ile ya kwao" na kuitia chumvi. Alijisogeza karibu na Kalunde.

"Mum, kesho susu wangu anakuja. Susu na watu wa kanisa yao, wamekodi matatu nzima ya Nissan. Nimewaambia mimi ndio lead actress. Sijawaambia nacheza nini."

"Mwambie Fahim nyanya yako anakuja."

"Nimemwambia. Nimemwomba niongee tu normal, vile naongea na susu. Amesema bila accent hakuna kucheka, na bila kucheka hakuna show. Nikamwambia susu anaongea hivyo hivyo, ataona namcheka. Akasema ataona ni love." Yvonne alikunja chapati mara nne. "Mum, wewe ni wa Tseikuru, sindio? Mtu wa makeup ndio ameniambia. Wewe uliitoaje?"

Kalunde akamweleza habari za kidole na pua. Aliisimulia vizuri, kama alivyozoea kuisimulia akilini mwake, kisa cha ushindi. Yvonne alisikiliza hadi mwisho.

"Na ukaiweka wapi?"

"Nini?"

"Ile uliyotoa."

 Kalunde aliinua sahani yake, akaenda kuiosha, akarudi, akavaa viatu, na Yvonne bado alikuwa akingoja jibu. Hasira ilimpanda Kalunde hadi masikioni. Mwanzoni alidhani amemkasirikia huyu msichana. Alipofika mlango wa ukumbi wa kanisa alikuwa ameshajua kwamba sivyo.

Fahim alikuwa akipanga kamera. Si mtu mbaya Fahim. Msiba wa mambo haya ni kwamba mara nyingi hakuna mtu mbaya. Alizaliwa Mwingi, babu yake mtu wa Pate, na Kiswahili cha nyumbani kwao hakijawahi kuchekwa na mtu yeyote.

"Bi Kalunde, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba. Fahim, kesho huyu hakimu anatoka Tseikuru. Atasema kama watu wa Tseikuru wanavyosema. Na Yvonne atasema anavyosema na nyanya yake."

Fahim alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Bi Kalunde, hii si dharau. Ni comedy. Wakamba wenyewe ndio wanaocheka zaidi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa hakimu akiongea hivyo, nani atamwamini?"

 Fahim aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka ukutani, akashika waya uliokuwa sakafuni akaanza kuuzungusha mkononi bila sababu.

"Umesikia ulichosema?" Kalunde aliuliza.

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha hivyo hivyo, mwanangu. Na mimi nimekusaidia kuamini."

"Station wananunua ile sauti. Imeandikwa kwenye contract: sauti ya Kalunde Musyimi. Ukiiharibu kesho itabidi nikurekodi upya studio, niipake juu ya picha."

"Utanirekodi kwa mdomo wa nani?"

"Bi Kalunde, tafadhali. Nakuheshimu kama mama. Ukifanya hivi ndio basi. Hakuna atakayekuita tena."

"Wameniita miaka arobaini na mitatu. Nimechoka kuitika."

Alitoka ukumbini akijiona jabari. Ujabari huo ulidumu hadi alipofika chumbani kwake kwenye gesti, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo na kusema maneno ya kwanza ya hakimu kwa lafudhi ya kwao.

Kilichotoka kilikuwa kile cha jukwaani. Kilikuwa yule mlinzi, yule yaya, pua imejaa, macho yametoka, kila neno limevutwa na kuminywa ili watu wacheke. Alijaribu tena, na tena. Alikijua kichekesho chote neno kwa neno, maana alikisikia kila jioni kwa miaka arobaini. Lugha ya nyumbani yenyewe hakuwa nayo. Kikamba alikuwa nacho, kimekauka kidogo. Lakini kile Kiswahili cha watu wa kwao, cha sokoni na cha kanisani, alichokisema bila kufikiri hadi alipokuwa na miaka kumi na minane, kilikuwa kimekwenda. Aliketi kitandani. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya Kitui, kwa sababu hii alijifanyia mwenyewe.

Akampigia simu kakake Kilonzo, anayefuga ng'ombe Tseikuru.

"Kilonzo, niongeleshe Kiswahili."

"Aiya! Kiswahili? Kwani uko na polisi?"

"Niko peke yangu. Nataka tu kusikia. Niambie habari ya ng'ombe."

Kilonzo alishangaa, lakini mtu wa ng'ombe hakatai kuulizwa ng'ombe. Akaanza. "Ng'ombe iko sawa. Ile nyeusi ilikonda lakini tumeipatia dawa. Kisima imeanza kurudi. Daktari alikuja na gari yake, ikakwama kwa mchanga, tukaisukuma watu kumi." Na Kalunde, simu imeganda sikioni, alisikia kitu alichokuwa amekisahau kabisa: ile m, ile n, hazikuwa kubwa. Hazikupigiwa kelele. Zilipita tu, laini, mtu akiwa anafikiria dawa na gari na wala hafikirii pua. Machozi yakamlenga. Akaanza kumfuatisha kwa sauti ya chini, dawa, daktari, gari.

Kilonzo akaacha habari ya ng'ombe.

"Kalunde. Unanicheka?"

"Hapana! Kilonzo, hapana, sikia..."

"Unanipigia simu kutoka huko kwa watu wako, unaniambia niongee, halafu unaniiga. Umeniwekea watu wasikie?"

"Hakuna watu! Nataka kujifunza."

"Kujifunza nini? Mimi ni shule?" Sauti yake ilikuwa imepoa, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angefoka. "Mwaitu alikuwa anasema huyo wa redio si wewe. Mimi ndio nilikuwa nabishana na yeye."

Akakata. Kalunde alipiga tena mara tano, na mara zote tano ikaita hadi ikakatika.

Jumamosi saa nane ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wakasimama kandokando ya kuta, na wengine wakaketi chini mbele, magoti yao karibu yaguse jukwaa. Nissan ya Emali ilikuwa imefika, na bibi kizee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameketishwa mstari wa kwanza. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Fahim alisimama kando ya kamera ya katikati, uso umemsawijika. Asubuhi alikuwa amejaribu mara ya mwisho kumsihi Kalunde, na Kalunde alikuwa amemjibu kwamba hakimu akishatoka chumbani kwake haulizwi.

Ukweli ni kwamba Kalunde alikuwa akiogopa.  Hakujua kitakachotoka. Kikitoka kile cha kuchekesha, basi atakuwa amewaongezea mzaha mmoja zaidi, na safari hii kwa jina lake kubwa, mbele ya kamera, kwa watu wa kwao. Kikitoka kile kizuri cha Bi Sauda, atakuwa ameufyata. Aliingia, watu wakasimama wenyewe kana kwamba ni mahakama kweli, akaketi, akasema maneno yake ya kwanza.

"Ketini. Koti iko tayari. Leteni huyo dada."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kikizidi. Walicheka kwa furaha, wakapigana mabega. Kalunde Musyimi mwenyewe! Malkia wa redio! Walidhani ni utani aliowaandalia watu wa kwao. Na masikio yake, yasiyomdanganya, yalimwambia kwamba wana haki ya kucheka: alikuwa ameitia chumvi. Hofu ilikuwa imeisukuma puani.

Yvonne aliletwa. Alimtazama nyanyake, akamtazama hakimu, akasema majina yake kwa sauti ya kawaida, bila kuvuta wala kuminya. Watu walicheka kidogo kwa mazoea. Kalunde akauliza swali la pili. Wakacheka. La tatu. Wakacheka. Alingoja kila kicheko kiishe, kama alivyojua kungoja, na kila alipongoja hasira ilizidi kumpanda. Jamaa mmoja mwenye shati la kijani, karibu na mlango, akapaza sauti:

"Hakimu wa mbuzi!"

Ukumbi ukaanguka. Hata mchungaji alicheka. Yvonne alifumba macho kizimbani.

Hapo hasira ilifika kinywani, na Kalunde akasahau kuigiza.

"Wewe wa shati ya kijani. Simama."

Jamaa alisimama akichekacheka, akiangalia marafiki zake.

"Unaitwa nani?"

"Mulwa."

"Mulwa, unacheka nini?"

"Si nacheka tu vile unaongea, mheshimiwa."

"Naongea aje?"

 Mulwa aliangalia marafiki, nao wakaangalia viatu.

"Nimekuuliza swali na uko mbele ya koti. Naongea kama nani?"

 Kicheko kilikuwa kimebaki vipande vipande huko nyuma, halafu hicho nacho kikaisha.

"Kama mama yangu," Mulwa alisema.

"Mama yako akikwambia chakula iko tayari, unacheka?"

"Hapana."

"Akikuita ukiwa mgonjwa, akuletee dawa, unacheka?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Keti."

Akaketi. Kalunde alisikia maneno yale bado yako hewani, dawa likiwemo, na akatambua kwamba hakuyatafuta. Yalikuwa yamepita tu, laini, mtu akiwa anamfikiria Mulwa na wala hafikirii pua. Alitaka kulia na alitaka kupiga meza. Akapiga meza.

"Tuendelee. Dada, eleza koti. Usiharakishe."

Yvonne alieleza. Maneno yalikuwa yale yale ya miaka miwili, kila neno, lakini sasa yalisikika kwa mara ya kwanza: msichana anaamka saa kumi alfajiri, analea mtoto asiye wake, analala jikoni, hereni inapotea, na hakuna anayemuuliza swali kabla ya kumwita mwizi. Hapakuwa na mahali pa kucheka. Mtu angejaribu kupatafuta asingepaona. Bibi kizee wa kofia ya sufu alikuwa ameinama mbele, kiganja shavuni, akitikisa kichwa kwa uchungu kana kwamba kesi hiyo ni ya jirani.

Wakafika mwisho. Katika maandishi ya mchezo, kabla ya hotuba yake nzuri, hakimu huuliza kama kuna mwenye neno. Ni swali la kupitia tu. Kule Nairobi, Kalunde alikuwa akihesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, kisha akaendelea. Sasa akauliza.

"Kuna mtu ako na neno kabla sijatoa hukumu?"

Moja. Mbili.

"Mimi niko nalo, mheshimiwa."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amesimama kando ya ukuta wa kushoto, amevaa aproni ya sokoni yenye mifuko miwili. Watu walimgeukia. Mwenzake alimvuta mkono, akamnong'oneza kwa nguvu iliyosikika ukumbi mzima, "Keti! Huu ni mchezo!"

"Najua ni mchezo," mwanamke alisema. "Mimi si mjinga." Kisha akamtazama Kalunde, si mwigizaji, hakimu. "Ni vile kwa ile koti ya kweli, kwa kesi ya shamba, sikusema. Niliulizwa hivyo hivyo, niko na neno? Nikaanza. Karani akacheka vile nilisema, akaangalia mwenzake. Nikasikia aibu. Nikasema sina. Wakaandika hapo sina." Alishika ncha za aproni. "Nilikuwa nalo. Nimekuwa nalo miaka sita."

Fahim alikuwa ameinua mkono wa kuwaambia watu wa kamera wakate. Kalunde alimwona kwa pembe ya jicho. Hakumtazama. Mkono ulikaa hewani kitambo, kisha ukashuka wenyewe, na zile taa nyekundu za kamera zikaendelea kuwaka.

"Njoo hapa mbele," Kalunde alisema. "Mpisheni. Dada, shuka hapo, mpatie nafasi."

Yvonne akashuka kizimbani, akamshika yule mwanamke mkono, akampandisha.

"Sasa ongea," Kalunde akamwambia. "Ongea vile unaongea. Hakuna mtu atacheka hapa, na akicheka mimi niko."

Mwanamke aliangalia watu, watu mia mbili na zaidi.  Akataja jina lake, akataja jina la babake, akataja jina la shamba, na akaanza.